Yowe la London: Nani Anadaiwa Kukuitikia?

Kule tulikokulia, mtu akipatwa na jambo usiku hupiga yowe. Yowe likisikika, majirani hutoka, huyu na panga, yule na taa, na asiyetoka huulizwa kesho yake mbele za watu alikuwa wapi. Wajibu huo haukuandikwa popote, lakini hakuna asiyeujua.

Hapa London ukipiga yowe ndani ya flati, jirani wa ukuta wa pili anaweza kudhani ni televisheni. Yowe letu limegeuka kuwa simu. Lakini wajibu wa kuitikia haukufa. Hapa umeandikwa. Umegawanywa vipande, kila kipande kina mdaiwa wake, na sheria inamtaja. Taabu yetu ni kwamba hatuwajui wadaiwa wetu, kwa hiyo hatuwadai.

Majira ya baridi mawili yaliyopita, mama mtu mzima tunayemwita Bibi katika jumuiya yetu ya mashariki ya London alianguka jikoni kwake saa tano usiku. Shingoni alikuwa na kidani chenye kitufe cha kuitia msaada. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Umeme ulikuwa umekatika mtaani, na wiki chache kabla yake laini yake ya simu ilikuwa imehamishwa kutoka waya wa zamani kwenda mfumo wa kidijitali. Kisanduku cha kidani kilitegemea laini ile, na baada ya kuhamishwa hakuna aliyekuja kukijaribu. Alilala sakafuni mpaka mjukuu wake alipofungua mlango asubuhi. Alinusurika, mkono umevunjika na baridi imemwingia mifupani. Nilipokwenda kumjulia hali wodini aliniuliza: “Mwanangu, mimi yowe nilipiga. Nani alitakiwa kunisikia?”

Sikuwa na jibu siku hiyo. Ninalo leo, na ninaliandika kwa ajili yenu wote mlio na mzazi, mgonjwa au mtoto mwenye ulemavu katika jiji hili.

Namba iliyozaliwa na malalamiko ya jirani

Tarehe 10 Novemba 1935, nyumba ya daktari mmoja iliwaka moto katika mtaa wa Wimpole, katikati ya London. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliinua simu kuita zimamoto, akawekwa foleni kama mtu yeyote anayetaka kusalimia rafiki. Wanawake 5 walikufa katika moto ule. Jirani yule hakunyamaza. Aliandika barua kwenye gazeti la The Times, serikali ikaunda kamati, na tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kufanya kazi hapa London, katika eneo la maili 12 kutoka Oxford Circus. Ilikuwa ya kwanza duniani ya aina yake. Wengi wetu tuliijua namba hiyo kabla hatujapanda ndege, kwa sababu Kenya na Uganda pia waliichukua.

Nakuomba ukishike kisa hicho tunapoendelea. Namba hii ilizaliwa kwa sababu mkazi wa kawaida aliuliza kwa maandishi kwa nini yowe halikuitikiwa.

Mdaiwa wa kwanza: kampuni ya simu

Chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003, kampuni za simu za Uingereza hufanya kazi kwa masharti ya msimamizi wao, Ofcom. Mojawapo ni kwamba mteja aweze kupiga 999 au 112 bure wakati wote. Namba hizi mbili hufika mahali pamoja. Salio likiwa sifuri, simu itapita. Mtandao wako ukikosa mawimbi, simu ya dharura itapitia mtandao wa kampuni nyingine wenye mawimbi mahali hapo. Ila lazima simu iwe na laini ndani yake. Ile simu ya zamani isiyo na kadi uliyoiweka kabatini “kwa dharura” haitakusaidia katika nchi hii.

Jambo kubwa la miaka hii ni kuzimwa kwa waya wa shaba. Mfumo wa zamani unatakiwa kufungwa kabisa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Waya ule ulibeba umeme wake wenyewe kutoka kituo cha simu, kwa hiyo taa zikizimika simu iliendelea kulia. Simu ya kidijitali hupita kwenye ruta, na ruta hula umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, simu nayo inakufa. Ndiyo maana Ofcom inazitaka kampuni ziwe na njia ya kumwezesha mteja kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika, na zimpatie bure mteja anayetegemea simu ya mezani, kwa mfano asiye na simu ya mkononi au asiyepata mawimbi nyumbani kwake. Mara nyingi njia hiyo ni betri ya akiba.

Kwa hiyo ipigie kampuni ya simu ya mzazi wako wiki hii. Waambie mambo matatu: ana alamu ya dharura, ambayo wao huiita “telecare”, hana njia nyingine ya kuita msaada, na unataka kujua ni lini laini yake itahamishwa. Omba betri. Sema wazi kwamba hutaki laini ihamishwe kabla alamu haijajaribiwa kwenye mfumo mpya. Serikali inakadiria kuwa watu milioni 1.8 nchini hutumia alamu hizi, na mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya alamu kushindwa kufanya kazi kwa baadhi ya waliohamishwa, kampuni kubwa zilikubali kusitisha uhamishaji wa lazima kwa muda. Huombi fadhila ya pekee. Kampuni inajua jambo hili. Inachohitaji ni kujua kwamba mama yako yumo.

Mwisho kuhusu kampuni: ukihama nyumba na ruta yako, hakikisha umebadilisha anwani kwao. Mpokeaji wa 999 anaweza kuona anwani iliyosajiliwa, na gari la wagonjwa likaenda kwenye nyumba uliyoiacha.

Mdaiwa wa pili: anayepokea

Ukipiga 999, sauti ya kwanza si ya polisi wala ya zimamoto. Ni ya mhudumu wa kampuni ya simu ya BT, ambaye kazi yake ni kukuuliza unataka huduma gani na kukuunganisha. Hata mdaiwa huyu huwajibishwa. Tarehe 25 Juni 2023 mfumo wake uliharibika kwa zaidi ya saa 10, na karibu simu 14,000 hazikufika zilikokusudiwa. Mwaka uliofuata Ofcom iliitoza BT faini ya pauni milioni 17.5 kwa kutojiandaa ipasavyo. Simu yako ikikatika usikate tamaa: piga tena, na mtu mwingine apige kwa simu nyingine.

Kuna njia mbili ambazo nataka kila nyumba yetu izijue. Ya kwanza ni kwa aliye hatarini asiyeweza kusema kwa sababu mtu mbaya anamsikiliza. Piga 999 kwa simu ya mkononi. Kama huwezi kutoa sauti, kohoa au gonga simu, na ukisikia maelekezo bonyeza 55. Utaunganishwa na polisi. Usipobonyeza, simu itakatwa. Namba 55 yenyewe haiwaonyeshi polisi ulipo, kwa hiyo endelea kusikiliza, maana watakuuliza maswali ya ndiyo na hapana.

Ya pili ni ujumbe mfupi, kwa asiyesikia au asiyeweza kuzungumza. Lazima ujisajili kabla: tuma neno “register” kwenda 999, soma majibu, kisha thibitisha kama unavyoelekezwa. Ni kazi ya dakika mbili leo, na haifanyiki vizuri wakati moshi umejaa chumbani. Kwa viziwi wanaotumia lugha ya alama ya Uingereza, tangu Juni 2022 kuna pia huduma ya video yenye mkalimani, inayoitwa 999 BSL.

Mdaiwa wa tatu: wanaokuja

Zimamoto ya London inasimamiwa na mamlaka ya jiji. Tangu Aprili 2018 mwenye dhamana kisheria ni Kamishna wa Zimamoto wa London, na sheria ya huduma za zimamoto na uokoaji ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka aweke utaratibu wa kupokea miito ya msaada na kuwaita waokoaji. Kupokea simu kumetajwa katika kifungu kilekile kinachotaja watu, vifaa na mafunzo. Ni sehemu ya kuzima moto.

London ilijifunza uzito wa maneno hayo usiku wa tarehe 14 Juni 2017. Saa 6:54 usiku mkazi wa ghorofa ya 4 katika jengo la Grenfell, mzaliwa wa Ethiopia, alipiga 999 kuripoti moto jikoni kwake. Watu 72 walikufa. Wengi wao walikuwa wahamiaji kama sisi. Kwa karibu saa mbili waliopiga simu kutoka ghorofa za juu waliambiwa wabaki ndani wasubiri waokoaji, wakati moto ulikuwa umeshapanda kuta za nje. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotolewa Oktoba 2019, iliukosoa waziwazi utaratibu wa chumba cha kupokelea simu na kutaka ubadilishwe.

Kwa anayeishi ghorofani, somo ni hili. Mwulize mwenye jengo, kwa maandishi, mpango wa moto wa jengo lenu ni kubaki ndani au kutoka. Ukipiga simu, sema unachokiona: moshi uko wapi, moto uko wapi, nani hawezi kutembea. Hali ikibadilika, sema tena, na kama mmekatika piga tena. Anayekupa ushauri haoni mlango wako. Anaona maneno yako tu. Uliza pia kuhusu simu ya ndani ya lifti, kwa sababu nyingi zilitegemea waya uleule wa shaba unaozimwa.

Kuhusu lugha: usiache kupiga kwa sababu Kiingereza chako ni kidogo. Huduma hizi hutumia wakalimani wa simu. Sema kwanza neno moja la huduma unayoitaka: “ambulance”, “fire” au “police”. Kisha anwani na postikodi. Kisha sema “Swahili interpreter”, na usikate simu wakati wanamtafuta mkalimani. Ukimya wa dakika moja hauna maana kwamba wamekuacha.

Mdaiwa wa nne: kaunsili yako

Sasa tufike kwa mdaiwa ambaye wengi wetu hatujawahi kumdai. Mtu aliyeanguka sakafuni, simu iko mezani, 999 haimfai kitu. Yowe la mtu huyo liko mikononi mwa halmashauri ya mtaa, ile tunayoiita kaunsili. London ina halmashauri 32 pamoja na City of London. Tunazijua kwa kodi, takataka na foleni ya nyumba. Ni vyema tuzijue na kwa hili.

Mwaka 1970 mbunge mmoja wa Manchester, Alf Morris, alipitisha bungeni muswada wake binafsi kuhusu wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu. Kifungu cha 2 cha sheria hiyo kiliorodhesha mambo ambayo halmashauri lazima iyafanye pale hitaji linapothibitika, na katika orodha hiyo, pamoja na chakula na marekebisho ya nyumba, iliandikwa simu: kumpatia mtu simu, au kumsaidia kuipata, pamoja na kifaa maalumu cha kumwezesha kuitumia. Hayo yaliandikwa wakati nyumba nyingi za Uingereza zenyewe hazikuwa na simu. Bunge liliona kwamba mtu asiyeweza kutoka nje anaihitaji kuliko anayeweza.

Kwa mtoto mwenye ulemavu hapa England, kifungu hicho kingali hai. Mzazi, kitaje kwa jina lake unapoiandikia halmashauri: Chronically Sick and Disabled Persons Act 1970, section 2.

Kwa watu wazima, tangu Aprili 2015 nafasi yake imechukuliwa na sheria ya matunzo ya mwaka 2014, Care Act. Shika vifungu vitatu. Kifungu cha 9 kinasema halmashauri lazima imfanyie tathmini mtu yeyote anayeonekana kuwa huenda anahitaji matunzo, bila kujali kipato chake na bila kujali ukubwa wa hitaji. Hawawezi kukukatalia kwenye simu kwa sababu mwanao ana kazi nzuri. Kifungu cha 18 kinasema hitaji likishathibitika kuwa linastahili kwa vigezo vya taifa, ni lazima litimizwe. Na kifungu cha 10 kinampa tathmini yake mwenyewe yule anayemtunza mgonjwa. Binti unayelala kwa mama yako mara tatu kwa wiki, hiyo ni haki yako.

Nisikupe tumaini la uongo: sheria haisemi kila mzee apewe kidani. Inasema hitaji litimizwe, na halmashauri ina nafasi ya kuchagua njia. Kwa hiyo kinachoamua ni jinsi unavyolieleza hitaji. Vigezo vinatazama kama ugonjwa au ulemavu unamzuia mtu kufanya mambo mawili au zaidi katika orodha ya mambo 10, na athari yake ni kubwa kiasi gani katika maisha yake. Mojawapo ni kuitumia nyumba yake kwa usalama. Mengine ni kama kujipikia na kula, kuoga, kwenda chooni na kuvaa.

Hapa ndipo adabu yetu inapotuponza. Mzee wa Kiswahili akiulizwa na mgeni “hujambo?” atajibu “sijambo” hata akiwa anakufa. Afisa akimwuliza kama anaweza kuoga mwenyewe atasema anaweza, kwa sababu kusema hapana mbele ya mgeni ni kujivunjia heshima. Afisa ataandika hivyo, na faili litafungwa. Kaa na mzazi wako kabla ya siku hiyo. Andikeni pamoja ameanguka mara ngapi, tarehe gani, alikaa sakafuni muda gani, ni mambo gani hayafanyi siku mbaya zikija. Mwambie kwamba kusema ukweli kwa afisa ni sawa na kumweleza daktari, si kulalamika. Omba mkalimani aliye mtu mzima, na usikubali mjukuu wa miaka 12 atafsiri habari za choo za bibi yake. Mtu anayepata shida kubwa kushiriki tathmini, na hana ndugu wa kufaa wa kumsemea, halmashauri inawajibika kumtafutia mtetezi huru.

Maneno ya kuomba ni haya: “needs assessment”, kutoka idara ya “adult social care”. Omba kwa barua pepe au barua, weka tarehe, weka nakala. Simu husahaulika, karatasi hukaa.

Kuhusu pesa, vifaa vya msaada na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000 vinavyotolewa kwa mpango huo halmashauri hairuhusiwi kuvitoza. Lakini huduma ya kituo kinachopokea mwito wa kidani mara nyingi ina ada ya kila wiki. Uliza kwa maandishi kipi ni kifaa na kipi ni ada, na uombe tathmini ya kipato kabla ya kukubali kulipa. Wakishafunga alamu, uliza pia maswali matatu: Inatumia laini gani? Umeme ukikatika itadumu saa ngapi? Nani anashika ufunguo wa kuingilia?

Kuhusu makaratasi

Najua kuna wanaosoma hapa na moyo unawadunda. Nisikilizeni. Mpokeaji wa 999 haulizi viza. Kuita gari la wagonjwa hakutozwi, na matibabu ndani ya idara ya dharura ya hospitali ni bure kwa kila mtu; malipo yanaweza kuanza ukilazwa, kutegemea hali yako ya uhamiaji. Maisha yakiwa hatarini, piga kwanza. Matunzo ya kaunsili ni jambo jingine, kwa sababu hali ya uhamiaji inaweza kuyawekea mipaka. Kabla ya kuomba, pata ushauri wa kisheria wa bure kutoka Citizens Advice au kituo cha sheria kilicho karibu nawe.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Kisha lalamika rasmi kwa halmashauri yenyewe. Wasipokuridhisha, peleka kwa Local Government and Social Care Ombudsman, chombo huru kisichotoza kitu, na usikawie zaidi ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Kwa kampuni ya simu pia kuna chombo huru cha usuluhishi baada ya kulalamika kwao kwanza. Wengi wetu tunaona haya kulalamika katika nchi ya watu. Basi mkumbuke jirani wa mtaa wa Wimpole.

Jioni ya leo

Andika anwani kamili na postikodi kwa herufi kubwa, bandika karibu na mlango, na uwafundishe watoto kuisoma kwa sauti. Weka simu ndogo yenye laini na chaji karibu na kitanda cha mzee. Andika 105 pia, namba ya bure ya kuripoti umeme ukikatika, na umwandikishe mzee kwenye Priority Services Register, orodha ya wateja wa kipaumbele ya kampuni ya umeme. Kisha bonyeza kitufe cha kidani chake. Vituo vinavyopokea miito hii vinapenda kijaribiwe kila mwezi; hutakuwa umemsumbua mtu.

Bibi alipotoka hospitali tuliyafanya haya yote, barua kwa barua, kwa miezi mitatu. Alamu mpya ina laini yake ya mkononi na betri yake. Sasa kila tarehe mosi, baada ya sala ya adhuhuri, anabonyeza. Sauti hujitokeza kwenye kisanduku na kumwuliza kwa Kiingereza kama yuko salama. Mwezi uliopita nilikuwepo. Aliinama akakisogelea kisanduku, akajibu kwa Kiingereza chake alichojifunzia hapa uzeeni, kisha akanigeukia na kunitafsiria alichosema: “Nimemwambia sina shida. Nilitaka tu kujua kama yupo.”